Sura ya Tano: Kumkaribisha Marehemu Mekoni

Mtu akifiwa, watu humjia na maneno mawili. La kwanza ni pole, na hilo halina dosari, kwa sababu halidai kitu wala halimfundishi mfiwa kitu. La pili, ambalo aghalabu hungoja mpaka matanga yameanuliwa, na masufuria ya kuazima yamerudishwa kwa wenyewe, na wageni wa mbali wamekwisha panda mabasi yao, ni shauri la kusahau. Mfiwa huambiwa na shangazi, na jirani, na pengine na kiongozi wa dini yake, ya kwamba yaliyopita yamepita, kwamba machozi hayamfufui mtu, na kwamba mwenye akili huyafunga ya jana akayafungua ya leo. Sina shaka na nia ya wasemao hivyo. Shauri lenyewe ndilo nina shaka nalo, na shaka hiyo imezidi kila nilipotazama jinsi watu wa nyanda za juu za kusini, Mbeya na Iringa, walivyokuwa wakilishughulikia jambo hili kabla hatujazoea kuharakisha kila kitu, huzuni nayo ikiwamo.

Wazee wa Rungwe, nchi ya Wanyakyusa huko Mbeya, hawakumwambia mfiwa asahau. Walimfanyia kazi mbili ambazo kwa masikio ya leo zapingana: kwanza walimsaidia kumfukuza marehemu nyumbani, kisha, muda ulipotimia, walimsaidia kumrudisha. Katikati ya kufukuza na kurudisha ndipo palipokuwa na jambo tunaloliita siku hizi ustahimilivu, au ukuaji wa nafsi baada ya masaibu, na wengi wetu twalitafuta katika nusu ya kwanza ya kazi hiyo peke yake, tukashangaa kwa nini hatulipati.

Msomaji wa pwani ataniambia kwamba hata kwao hakuna amri ya kusahau, naye atakuwa amesema kweli. Mjane wa Kiislamu amewekewa eda ya miezi minne na siku kumi, na jamaa wengine wakawekewa siku tatu za kuomboleza; sheria imeipa huzuni mipaka ya muda, haikuifuta. Lakini bara, kule kwenye baridi na migomba, mipaka haikuwekwa kwa hesabu ya siku peke yake. Iliwekwa kwa vitendo.

Tuna bahati ya kuvijua vitendo hivyo kwa urefu, maana katika mwaka 1934 alifika Rungwe kijana wa Kiingereza, Godfrey Wilson, na mwaka uliofuata akaungana naye mkewe, Monica Hunter, binti wa wamisionari aliyezaliwa Lovedale, Afrika ya Kusini, mwaka 1908. Walikaa huko kwa vipindi mpaka mwaka 1938, wakijifunza Kinyakyusa, wakihudhuria misiba, mavuno, ndoa na mashauri, huku wakisaidiwa na Wanyakyusa wenyewe, na hasa karani wao Leonard Mwaisumo, ambaye aliwaandikia na kuwaeleza mengi ambayo mgeni, hata awe hodari namna gani, asingeyaona kwa macho yake. Nalitaja jina la Mwaisumo kwa makusudi, kwa sababu vitabu vya elimu ya namna hii vina desturi mbaya ya kumtukuza aliyeshika kalamu na kumwacha nje aliyeshika habari.

Mazishi ya Kinyakyusa yalimshughulisha sana Godfrey, naye akayaandikia makala yaliyotoka mwaka 1939. Wanawake walilia, tena kwa sauti kuu, wakiwa wamesongamana karibu na maiti; lakini wanaume, baada ya machozi machache, walicheza. Walicheza ngoma ya vita, mikuki mikononi, wakikimbia huku na huku na kuikanyaga ardhi kwa nguvu, na kadiri mchana ulivyosogea ndivyo ngoma ilivyochangamka, vijana wakaanza kutupiana macho na wasichana, na pale palipoanza kwa kilio pakasikika kicheko. Mgeni mwenye haraka angesema kwamba watu hawa hawana huzuni, au kwamba wanaigiza tu. Godfrey hakusema hivyo, kwani aliwauliza wenyewe, naye akafahamishwa ya kuwa moyo wa mfiwa una vita ndani yake, kwa huzuni na kwa hofu, na kwamba hiyo ndiyo sababu ya kucheza. Maneno hayo yanastahili kutafakariwa polepole. Mara nyingi twaifikiria simanzi kama unyonge na ulegevu wa mwili, ilhali kila aliyefiwa kweli ajua kwamba ndani yake mna ghadhabu vilevile: ghadhabu juu ya ugonjwa, juu ya waliochelewa, juu ya Mungu, na hata juu ya marehemu mwenyewe kwa kuondoka. Wazee wale waliipa ghadhabu hiyo mikuki na uwanja, mchana kweupe, mbele ya watu wote.

Baada ya maziko ilifuata ibada ya ukoo, na hapo ndipo Monica alipoangalia kwa makini zaidi, akaja kuieleza katika kitabu chake cha mwaka 1957 juu ya taratibu za ukoo wa Kinyakyusa. Waombolezaji wa karibu walilala ndani juu ya majani makavu ya migomba, bila kuoga, wametengwa na shughuli za watu wengine. Walifanya mambo ya aibu na uchafu ambayo mtu mwenye akili timamu hayafanyi, na walipoulizwa sababu walisema wazi kwamba hayo ni matendo ya wazimu, na kwamba asiyeyafanya katika ibada huenda wazimu ukamshika baadaye kwa kweli. Nimewahi kuwasoma wataalamu wengi wa maradhi ya nafsi, wa Ulaya na wa Marekani, na ni wachache walioliona jambo hilo kwa uwazi huo. Kila mfiwa huogopa, japo kwa siri, kwamba atarukwa na akili. Usiku husikia hatua za marehemu ukumbini. Mchana hukuta ameandaa sahani moja zaidi. Rungwe hawakumwambia kwamba hofu hiyo ni upuuzi. Waliutengea wazimu siku zake na mahali pake, wakauingia pamoja naye, kisha wakatoka pamoja naye.

Kutoka kwenyewe kulikuwa kwa maji na wembe. Majani ya kulalia yalifagiliwa nje, waombolezaji wakashuka mtoni kuoga, nywele zikanyolewa. Katika hatua hiyo marehemu alifukuzwa: aliyekuwa akiwajia ndotoni alitakiwa aende zake, asiwasumbue walio hai wala asiwavute kumfuata. Lau ibada ingekoma hapo, ingekuwa sawa na shauri letu la kusahau, ila kwa kelele zaidi. Lakini haikukoma. Marehemu aliyekwisha tenganishwa na walio hai alirudishwa nyumbani, akakaribishwa mekoni, akae pamoja na wazee wa ukoo waliomtangulia, awe tangu hapo mlinzi wa uzazi na wa mazao. Alitoka akiwa mzuka wa ndotoni, akarejea akiwa mzee wa nyumba. Mtu ni yule yule, kiti ndicho kilichobadilika.

Sitaki kuipamba ibada hiyo kupita kiasi. Pamoja na mikuki na machozi kulikuwa na desturi ya kupasua maiti ili kutafuta dalili za uchawi, na ambapo uchawi hutafutwa hapakosi kupatikana mtu wa kulaumiwa, na mara nyingi mtu huyo hana wa kumtetea. Mjane alirithiwa na ndugu wa mumewe, na sijapata ushahidi kwamba aliulizwa sana maoni yake. Isitoshe, wamisionari wa Moravian walikuwa wamejenga Rungwe tangu mwaka 1891, na wakati wa akina Wilson tayari walikuwapo Wanyakyusa wengi waliokuwa wakizika kwa nyimbo za kanisani, wakiziacha nyingi za taratibu hizo. Siwaombi warudi kulala juu ya majani. Nataka tu kuichukua ile hekima ya sehemu ya pili, ya kurudisha, kwa sababu imepotea kwa urahisi zaidi kuliko ya kwanza, nayo ndiyo yenye thamani kubwa.

Na aliyenifanya niamini hivyo ni Monica mwenyewe. Godfrey alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone katika Rhodesia ya Kaskazini, nchi tuiitayo sasa Zambia. Lakini Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, naye akiwa mtu ambaye dhamiri yake ilikataa kuua, alilazimika kuiacha kazi ile mwaka 1941, akaingia katika kikosi cha utabibu cha jeshi la Afrika ya Kusini. Sonona ikamwandama. Mwezi wa Mei, mwaka 1944, alijitoa uhai. Monica alikuwa na umri wa miaka 36, na wana wawili wa kiume, mmoja wa miaka mitano hivi na mwingine bado mchanga.

Kifo cha namna hiyo humwachia mjane mzigo ambao vifo vingine havimwachii. Majirani hunong'ona, marafiki hukosa la kusema, na yeye mwenyewe hujiuliza maswali ambayo aliyepaswa kuyajibu hayupo. Njia nyepesi iliyokuwa mbele yake ilikuwa kuyafungia madaftari ya Rungwe sandukuni, kwa sababu kila ukurasa ulikuwa na mwandiko wa mumewe au ukumbusho wa siku walizotembea pamoja chini ya mvua ile isiyokatika. Yeye aliyafungua. Mwaka 1945 kilitoka kitabu chao juu ya mageuzi ya jamii, kikiwa na majina ya wote wawili. Mwaka 1951 akatoa kitabu juu ya vijiji vya rika vya Wanyakyusa. Mwaka 1957 kile cha taratibu za ukoo, akiyatumia pia madaftari ya Godfrey. Mwaka 1959 kingine juu ya ibada za jamii nzima. Na mwaka 1977, akiwa bibi wa miaka karibu 70, akatoa cha mwisho juu ya wazee na vijana, wanaume na wanawake, kuanzia zama za kabla ya Wajerumani. Katikati ya hayo alirejea Rungwe mwaka 1955 kuwatazama watu aliowaacha. Alifundisha Fort Hare, akafundisha Rhodes, na mwaka 1952 akawa profesa wa Chuo Kikuu cha Cape Town, katika nchi ambayo sheria zake zilikuwa zikizidi kila mwaka kuwatenga watu kwa rangi. Naye akashirikiana na mwanafunzi wake Archie Mafeje, aliyekuja kuwa mmoja wa wanazuoni wakubwa wa Afrika, kuandika kitabu juu ya mtaa wa Langa kilichotoka mwaka 1963. Alifariki mwaka 1982.

Hakuandika popote nilipopasoma kwamba alikuwa akimfanyia mumewe ibada ya Kinyakyusa, naye alikuwa Mkristo thabiti ambaye pengine angetabasamu kwa kusikia hivyo. Huo ni utambuzi wangu, si ungamo lake. Lakini sioni namna bora ya kuieleza miaka zaidi ya 30 ambayo mwanamke huyu aliitumia kumrudisha Godfrey mezani pake, asiwe tena jeraha ambalo halitajwi, awe mwenzi wa kazi ambaye maelezo yake yananukuliwa, yanapimwa, na mara nyingine yanasahihishwa. Hilo la kusahihishwa si dogo. Marehemu asiyeweza kusahihishwa bado ni mzuka.

Ulaya ya zama zile ilikuwa na shauri jingine. Sigmund Freud, tabibu wa Vienna, katika insha yake mashuhuri ya mwaka 1917, aliieleza kazi ya maombolezo kuwa ni nafsi kujifungua kidogo kidogo kutoka kwa aliyepotea, kumbukumbu baada ya kumbukumbu, ili mapenzi yapate uhuru wa kwenda kwingine. Waliomfuata waliigeuza insha hiyo kuwa sheria, wakawaona wafiwa wanaoendelea kuzungumza na picha za wapenzi wao kuwa ni wagonjwa. Freud mwenyewe alipatwa mwaka 1920, binti yake Sophie alipofariki kwa homa ya mafua. Na mwaka 1929, alipokuwa akimwandikia rafiki yake Ludwig Binswanger aliyekuwa amefiwa na mwana, alikiri kwamba pengo la namna hiyo halizibiki, na kwamba vema lisizibike, kwani ndiyo njia ya kuendeleza mapenzi tusiyotaka kuyaacha. Barua haikuwa na nguvu za insha. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 1996 ndipo Wamarekani watatu, Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman, wakatoa kitabu kilichosema bayana kwamba uhusiano na marehemu huendelea, hubadilika sura, na kwamba kuendelea huko kwaweza kuwa afya. Kwa wazee wa Rungwe hiyo isingekuwa habari.

Katika miaka hiyo hiyo, Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, wa Chuo Kikuu cha North Carolina kilichopo Charlotte, walianza kuandika juu ya ukuaji unaofuata masaibu makubwa. Waliwauliza wafiwa, wagonjwa na walionusurika ajali wamebadilika vipi, wakayakusanya majibu katika mafungu matano: kuwa karibu zaidi na watu, kuona njia mpya za maisha, kujitambua kuwa na nguvu, kubadilika katika imani, na kuthamini uhai. Elimu hiyo ni njema ikitumiwa kwa hadhari. Hadhari ya kwanza ni kwamba aghalabu hupimwa kwa kumwuliza mtu kama amekua, na sote twapenda kuamini kwamba mateso yetu hayakwenda bure. Ya pili ni nzito zaidi. Nimewasikia wahubiri na wasemaji wa semina za mahotelini wakiichukua habari hii na kumpelekea mfiwa kana kwamba ni deni: umeteseka, basi kua! Tedeschi na Calhoun hawakusema hivyo. Walisema kwamba ukuaji, ukija, huja pamoja na maumivu na wala hauyaondoi, na kwamba chanzo chake ni mapambano ya mtu na msiba wake, hautoki katika msiba wenyewe. Mwenye kumwambia mjane wa majuma mawili kwamba msiba wake ni fursa, na atolewe nje kwa adabu.

Kuna misiba ambayo haina hata maiti ya kuzika kikamilifu, na hapo kazi ya kurudisha huwapita waliofiwa ikawafikia wajukuu. Iringa wanaijua vizuri. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliyelivunja jeshi la Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na kumwua kamanda wao Zelewski, alipoteza ngome yake ya Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894, akapigana vita vya porini kwa karibu miaka minne, na tarehe 19 Julai 1898, alipozingirwa, akajipiga risasi ili asishikwe. Kichwa chake kilikatwa, fuvu likachukuliwa. Habari ya fuvu hilo ikaingia hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, ambacho kiliitaka Ujerumani ilikabidhi kwa Uingereza ndani ya miezi sita; miezi hiyo sita ikawa miaka 35. Gavana Edward Twining ndiye aliyekwenda mwenyewe kulitafuta katika jumba la makumbusho la Bremen mwaka 1953, katikati ya shehena ya mafuvu ya watu wa makoloni, na tarehe 19 Juni 1954 akalikabidhi Kalenga kwa Mtwa, yaani chifu, Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, mbele ya umati mkubwa wa Wahehe.

Wapo waliouliza, na wapo wanaouliza hata leo, kama fuvu lile ni lake kweli, kwa maana lilichaguliwa kwa vipimo vya kichwa vilivyolinganishwa na vya jamaa zake walio hai. Tena Twining hakuwa mtu wa kutoa hidaya bila hesabu: jirani, Kenya, moto wa Mau Mau ulikuwa ukiwaka, naye alihitaji Wahehe watulivu. Hata hivyo, sherehe ile ilifanya kazi ambayo gavana hakuikadiria. Ukoo ambao kwa miaka 56 ulikuwa na mzee aliyezikwa nusu ukapata pahala pa kumweka, na fuvu likawekwa Kalenga, ambako liko mpaka leo ndani ya kioo, na watoto wa shule hupelekwa kulitazama. Majuma matatu hayajatimia baada ya siku hiyo, TANU ikaundwa Dar es Salaam. Na Adam Sapi, ambaye kwa urithi wake angeweza kubaki mlinzi wa kinyongo kitukufu, mwaka 1962 akawa Spika wa Bunge la nchi huru, kiti alichokikalia, ukiacha miaka miwili hivi ya katikati, mpaka mwaka 1994. Mtu aliyelelewa katika nyumba ya msiba mrefu namna ile akaitumia sehemu kubwa ya aushi yake kuwapa zamu ya kusema watu waliokuwa hawakubaliani. Sijui kama kuna uhusiano. Napenda kudhani uko.

Lakini jaribu kubwa la nyanda hizi halikuja na bunduki. Lilikuja kwa barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma, na kwa vibarua wa mashamba ya chai na misitu, na kwa umaskini wa kawaida. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2003 na 2004 ulikuta katika mkoa wa Mbeya asilimia 13.5 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana virusi vya UKIMWI, na katika mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulikuwa na Njombe ndani yake, asilimia 13.4, ilhali taifa zima lilikuwa asilimia 7. Dawa za bure za kufubaza virusi zilianza kutolewa mwishoni mwa mwaka 2004. Kabla yake, msiba uliufuata msiba, na hakuna mji uwezao kukaa matanga juu ya matanga, vuli na masika, pasipo njaa kuingia.

Uhaba wa muda haukuwa ndio ubaya mkubwa. Ubaya mkubwa ulikuwa uongo. Katika risala ya marehemu ilisomwa kwamba ameugua kwa muda mrefu, na kila mtu uwanjani akaelewa, na hakuna aliyesema. Mjane alijua, naye huenda alikuwa na virusi vile vile mwilini. Watoto walijua nusu, wakaambiwa kalogwa na jirani. Sasa marehemu wa namna hiyo hurudishwaje? Huwezi kumweka mekoni mtu ambaye habari zake haziwezi kusimuliwa, maana mekoni ndipo pa kusimulia. Nyumba nyingi za Mbeya, Makambako na Mafinga zilibaki na watu waliofukuzwa na hawakurudishwa, na waliobaki hai wakawa wagumu kwa nje na wamevunjika kwa ndani. Na ugumu huo ndio uliosifiwa makanisani kuwa ni imani.

Waliolivunja fundo hilo walikuwa watu wadogo. Mbeya kulikuwa na kikundi cha huduma majumbani, KIHUMBE, ambacho wahudumu wake walikwenda nyumba kwa nyumba kuwaogesha wagonjwa, kuwapikia uji na kukaa nao, wakati ambapo hata ndugu waliogopa kushika shuka. Kisha, dawa zilipofika, wakatokea WAVIU washauri, yaani wenye virusi waliojiweka wazi na kukaa kliniki wakiwapokea wapya. Mwangalie mmoja wao akiwa kazini. Mama wa makamo amekaa kwenye benchi, mbele yake binti aliyepewa majibu asubuhi ile. “Shikamoo mama,” asema binti bila kuinua uso. “Marahaba mwanangu. Mimi mwenyewe ninavyo, tangu baba yao alipofariki.” Haongezi hotuba. Kumtaja mumewe hivyo, kwa ugonjwa wake wa kweli, mbele ya mtoto wa watu, ndiko kumrudisha. Na ukimwuliza lini alianza kupata usingizi, mara nyingi atakutajia siku alipoanza kusema, wala si siku alipoanza kumeza dawa.

Kwa watoto jambo hili limepimwa kwa utaratibu wa kisayansi, ingawa ilikuwa Moshi, na Bungoma nchini Kenya, si huku. Watafiti walichukua watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, nusu yao wakawekwa katika vikundi vilivyokutana kwa majuma 12, vikiongozwa na watu wa kawaida waliofunzwa, ambao hawakuwa madaktari. Watoto walisimulia kifo chenyewe walivyokiona, kisha wakataja mema na mabaya ya marehemu, na jinsi watakavyoendelea kumkumbuka. Matokeo, yaliyotolewa mwaka 2020, hayakulingana pande zote: Bungoma faida ilidumu hata baada ya mwaka, Moshi tofauti ikafifia, kwa kuwa wale wengine nao walikuwa wamepata nafuu. Mimi naona kutolingana huko ni ishara ya ukweli wa utafiti, maana watoto hawafiwi katika nyumba zinazofanana.

Na hapa sina budi kusema neno juu ya nyumba zenyewe, kwa sababu vitabu vya kutia watu moyo vina tabia ya kuyaweka yote moyoni. Sheria ya mila iliyotangazwa na Serikali mwaka 1963, na ambayo bado inatumika kwa makabila mengi yafuatayo ukoo wa baba, humnyima mjane fungu katika urithi wa mumewe iwapo marehemu ana ndugu, ikisema kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Shinyanga waliipinga mahakamani. Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikubali kwamba sheria hiyo ina ubaguzi, isiifute. Na mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake ikaamua kwamba Tanzania imewakosea. Mjane ambaye shemeji zake wanapima shamba kabla ya arobaini hana nafasi ya kufukuza wala kurudisha. Nguvu zake zote zakwenda kwenye mpaka wa shamba, na marehemu, ambaye ndugu zake ndio wanaomnyang'anya, hugeuka kuwa mmoja wa maadui.

Kwa hiyo katika mambo yaliyowasaidia wafiwa wa nyanda hizi mimi nahesabu pia jambo ambalo wataalamu wa nafsi hawalihesabu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamruhusu mwanamke kuwa na hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake, na katika vijiji vya wilaya za Iringa na Mbeya mashamba kwa maelfu yamepimwa katika miaka iliyofuata, wanawake wengi wakiandikwa, wengine peke yao, wengine pamoja na waume zao. Hati hiyo ni karatasi tu, na maafisa wa ardhi hawakuja kumfariji mtu. Lakini ndugu wa mume wajapo baada ya matanga, na mjane akaitoa karatasi hiyo ikasomwa, mazungumzo ya shamba huisha mapema, na kama watu wale wana haya kidogo, hukaa wakanywa chai, wakaanza kuzungumza juu ya marehemu.